Nakala laini au nakala ngumu: Kindle na kitabu cha karatasi kwa msomaji wa Mwanza

Kila mwezi napanda meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenda kumwona mama, na kila nikipanga begi nasimama kwanza mbele ya rafu: nichukue kitabu au nichukue Kindle? Nasema Kindle kwa sababu hapa Mwanza ndivyo tunavyoviita vifaa vyote vya kusomea vitabu, hata kama ni Kobo, kama ambavyo kila dawa ya meno dukani ni Colgate. Nina mwaka wa nne sasa natumia vyote viwili, kifaa na karatasi. Walimu wenzangu huniuliza kama wanunue, wanafunzi wa chuo nao huniuliza. Juzi fundi baiskeli mmoja pale Kirumba, msomaji mkubwa wa riwaya, aliniuliza pia. Kwa kuwa pesa aliyokuwa akiitaja ni akiba yake ya miezi kadhaa, niliona si haki kumjibu kwa neno moja. Jibu lenyewe ni hili.

Juani na gizani

Nianze na pale ambapo kifaa kinashinda bila ubishi. Kaa juu ya mawe ya Capri Point saa saba mchana ukiwa na simu mkononi: utaona uso wako kwenye kioo, maandishi huyaoni. Sasa toa Kindle. Jua linavyozidi, ndivyo maandishi yanavyokolea, sawasawa na karatasi. Siri iko kwenye wino wake. Ndani ya kioo mna vidonge vidogo sana, unene wake kama wa unywele, na kila kimoja kina chembe nyeupe na chembe nyeusi, moja za chaji hasi na nyingine za chaji chanya. Umeme ukizivuta nyeusi juu, herufi inaonekana. Ukizivuta nyeupe, panabaki peupe. Zikishatulia hapo hazili umeme tena. Kioo chenyewe hakikupigi mwanga machoni, unasoma kwa mwanga ulioko nje kama unavyosoma gazeti. Wino huu ulianzia katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, kampuni ya E Ink ikaundwa 1997, na Kindle ya kwanza ikaingia sokoni Novemba 2007.

Kwa kuwa wino unakula umeme pale tu unapofungua ukurasa, chaji inakaa sana. Ila soma vizuri ahadi ya kwenye boksi. Wanapokuambia chaji inakaa wiki sita, wanahesabu nusu saa ya kusoma kwa siku, na intaneti ikiwa imezimwa. Nusu saa kwa siku 42 ni saa 21 tu. Mimi nasoma saa mbili kila usiku, kwa hiyo kwangu ni siku kumi. Hata hivyo ni nyingi. Umeme ukikatika mtaani tangu jana na simu zote zimezima, kifaa bado kiko hai, na karibu vyote vya siku hizi vina vitaa vidogo pembeni mwa kioo vinavyomulika maandishi. Kwenye meli ya usiku ya kwenda Bukoba, abiria wakishajifunika khanga na kulala, unaweza kusoma hadi Kemondo bila kumsumbua mtu. Karatasi ingehitaji tochi.

Kuhusu simu sitasema mengi. Unayo tayari, programu za kusomea zipo za bure, na kwa anayetaka kujaribu kama nakala laini zinamfaa, aanzie hapo kabla ya kutoa senti. Kwa riwaya ndefu siipendekezi. Ujumbe unaingia, unajibu, na ukirudi hadithi imeshakuponyoka.

Macho ya mama

Mama amepita miaka sabini. Tangu nikiwa mtoto namjua kama mtu wa kusoma: Biblia asubuhi, gazeti la wiki iliyopita mchana, riwaya usiku kwa taa ya mafuta. Miaka miwili iliyopita aliacha, na hakuniambia kwamba ameacha. Nilikuta vitabu nilivyompelekea vimepangwa vizuri juu ya kabati, kimoja bado kiko ndani ya nailoni yake.

“Mama, hivi hujavisoma?”

“Nitavisoma, mwanangu. Herufi za siku hizi wanazifanya ndogo.”

Herufi zilikuwa zile zile. Safari iliyofuata nilimwekea Kindle mkononi ikiwa na Agano Jipya, nikakuza maandishi mpaka mstari mmoja ukabeba maneno manne tu. Alikisogeza mbali, akakirudisha karibu. Kisha akaweka kidole chini ya neno la kwanza, kama tulivyofundishwa sote darasa la kwanza, akakivuta kulia. Ukurasa ukaruka. Akakitazama kidole chake. Akajaribu tena, ukaruka tena.

“Hakitaki kuguswa?”

Nikamwonyesha: mkono ukae pembeni, na kidole gumba kiguse ukingo wa kulia pale tu anapomaliza ukurasa. Alijaribu mara tano, mara sita, kila mara akingoja kioo kipige weusi kidogo na kutulia. Halafu akaanza kusoma kwa sauti, ile sauti ya kunyoosha maneno aliyokuwa akitusomea tukiwa wadogo. Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe mpaka alipomaliza sura nzima.

Kwa hili karatasi haina jibu. Vitabu vya Kiswahili vya maandishi makubwa, ukiondoa Biblia, mimi sijavikuta katika duka lolote la Mwanza. Kama unamnunulia mzazi ambaye macho yamepungua nguvu, nunua kifaa, na usijute. Ila mpeleke kwanza akapimwe macho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, na maandishi makubwa hayawezi kufanya kazi ya daktari.

Kiswahili kiko upande gani

Nikitoka hapo mizani inageuka, na ndipo nisipopenda kuona wauzaji wakiwadanganya watu. Wanakuambia kifaa kinabeba vitabu maelfu. Kweli kinabeba, lakini ni vitabu vya lugha gani?

Anayesoma Kiingereza amefika baharini. Project Gutenberg, mradi wa maktaba ya mtandaoni ulioanza 1971, una zaidi ya vitabu 70,000 vya bure ambavyo haki zake zimekwisha muda, na unaweza kusoma hivyo peke yake mpaka uzeeke. Ukikutana na neno gumu unalibonyeza, kamusi inafunguka palepale. Kwa kijana wa kidato cha tano anayehangaika na Kiingereza, huyo ni mwalimu wa ziada asiyechoka. Lakini tafuta riwaya za Kiswahili katika duka la vitabu la Kindle. Utapata vitabu vya kuwafundisha wageni kusema “habari gani”, hadithi fupi chache, na vingine vilivyotengenezwa ovyo, aya zimeshikana. Vitabu teule vya fasihi vya sekondari, riwaya za zamani za wachapaji wetu, diwani za mashairi: vingi havimo. Kamusi ya Kiswahili nayo sijawahi kuikuta ndani ya kifaa kipya.

Ukerewe kwetu tunamkumbuka Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa lugha hiyo hakupata mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 kazi ile ilikuwa kurasa tu kisiwani, zikisubiri. Mimi nina flopi mbili za mwaka 2003 zenye insha zangu za chuo, na sijui kompyuta hata moja mjini hapa inayoweza kuzifungua. Nikizishika huwa namfikiria yule mzee na karatasi zake.

Baada yako anasoma nani?

Hili ndilo swali ninalomuuliza kila anayeniomba ushauri, na naliweka mbele ya bei.

Kuna riwaya niliinunua kwa shilingi elfu kumi na mbili. Niliisoma mimi, akaisoma mwenzangu nyumbani, akaiazima mama wa nyumba ya pili. Kwake ikamnasa binti yake wa kidato cha tatu, naye akampelekea rafiki yake Igoma. Ilirudi baada ya miezi minane ikiwa imevishwa jalada la gazeti, kona ya ukurasa wa mwisho imekunjwa, na ndani ya jalada kuna jina la mtu nisiyemfahamu kabisa limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Nililifurahia jina lile. Elfu kumi na mbili imesomesha watu watano au sita, na kitabu bado kiko kwenye rafu kikimsubiri mwingine.

Kifaa hakiendi hivyo. Nikikuazima kifaa nimekuazima rafu yangu yote, na mimi nabaki mikono mitupu. Kitabu ulichonunua ndani yake hukimiliki kama unavyomiliki cha karatasi: umelipia ruhusa ya kukisoma. Julai 2009 Amazon, kampuni yenye Kindle, walifuta kwa mbali vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokuwa wameshalipa, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, wakaomba radhi, lakini watu waliamka na kukuta kitabu hakipo. Na Februari 2025 kampuni hiyo iliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta ili uvihamishe kwa waya na kujiwekea nakala yako.

Darasani ni vivyo hivyo. Ninaposema “fungueni ukurasa wa 47”, wanafunzi arobaini wenye nakala ngumu wanafika pamoja. Kwenye kifaa ukikuza maandishi, mpangilio wote unabadilika, na vitabu vingi vinaonyesha asilimia au namba za mahali badala ya ukurasa. Mwanafunzi wa chuo anayetakiwa kutaja ukurasa katika marejeo yake alijue hilo mapema. Shirika la Worldreader lilianza 2010 kwa kugawa Kindle mashuleni Ghana; kuvunjika kwa vifaa kukawa tatizo kubwa, na baadaye likahamishia nguvu zake kwenye simu. Shule ikipata mfadhili na ikaniuliza, nitasema wajaze maktaba vitabu.

Madesa ya PDF

Wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT, hapa nisikilizeni. Wengi wenu mnataka Kindle kwa ajili ya madesa, yale maandishi ya masomo mnayopeana, na madesa ni PDF. Ukurasa wa PDF umepigwa kwa karatasi ya A4, sentimita 21 kwa karibu 30. Kioo cha inchi sita ni sentimita 9 kwa 12. Ukurasa mzima unabanwa humo, herufi zinakuwa kama sisimizi, na ukizikuza inabidi usukume ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari, kwenye kioo ambacho mwendo wake ni wa taratibu. Kama desa lenyewe limepigwa picha kutoka kwenye kitabu, maandishi ni picha tupu na hayawezi kukuzwa peke yake. Faili linalofaa ni EPUB, ambalo maneno yake yanajipanga upya kulingana na kioo. Kobo huzisoma moja kwa moja, na Kindle huzipokea kupitia huduma ya kutuma faili tangu 2022. Kwa PDF tafuta tableti ya inchi kumi, au peleka steshenari ukatoe kopi kurasa unazozihitaji tu.

Maji, mchwa na goti la abiria

Mwezi wa nne mwaka juzi ziwa lilichafuka tukiwa katikati ya safari, wimbi likapanda sitahani na begi langu likalowa chepechepe. Mlikuwa na riwaya moja na Kindle. Kindle yangu ni Paperwhite, na tangu toleo la 2018 Paperwhite zinahimili maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hadi kina cha mita mbili kwa saa moja, na ziwa letu kwa bahati ni la maji baridi. Niliifuta kwa shati nikaendelea kusoma. Zingatia kwamba Kindle ya kawaida, ile ya bei nafuu, haina kinga hiyo. Riwaya nilifika nayo kwa mama ikiwa imevimba kama mkate uliolowekwa. Tuliitandaza juu ya jiwe uani, kokoto moja kila upande, na mama akawa anageuza kurasa kila akipita kwenda jikoni. Kufikia jioni ilikuwa imekauka. Kurasa zina mawimbi hadi leo, na hakuna neno lililopotea.

Adui wa karatasi huku kwetu ni mchwa kuliko maji. Nilikuwa na sanduku la vitabu kumi na kimoja chini ya kitanda. Siku nimelivuta, likaja jepesi. Walikuwa wametokea sakafuni, wakala gundi ya migongo, wakaingia katikati, wakaniachia majalada yakiwa yamesimama. Usiweke boksi la vitabu sakafuni. Rafu iachane na ukuta walau vidole vinne, na masika yakiisha vitoe vitabu vyote vipigwe upepo, maana ukungu nao hula taratibu.

Adui wa kifaa ni kubanwa. Nyuma ya lile plastiki la mbele kuna kioo chembamba sana. Mwalimu mwenzangu aliweka chake kwenye mfuko wa mbele wa begi, akapanda daladala la Buzuruga lililojaa, na goti la abiria mmoja likatosha. Nusu ya ukurasa iliganda na mistari ambayo haitoki tena. Mafundi simu watatu walikitazama wakamrudishia. Kioo cha kubadilisha hawana, na kuagiza kioo peke yake bei inakaribia ya kifaa kizima. Jalada gumu ni la lazima. Pia usikiache juu ya dashibodi ya gari lililoanikwa, kwa kuwa kimetengenezwa kufanya kazi katika joto lisilozidi nyuzi 35.

Pesa

Marekani Kindle ya kawaida ni dola 110 hivi, na Paperwhite dola 160 hivi. Yangu, nauli na ushuru vikiongezwa, ilinifikia kwa laki nne na elfu hamsini. Kwa bei ya elfu kumi na mbili hiyo ni riwaya 37 mpya, na ukienda kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini barabarani ni zaidi ya mia. Kama unasoma vitabu sita kwa mwaka, kifaa hakitalipa. Kama unasoma vinne kwa mwezi, kwa Kiingereza, na vingi ni vya bure, kimejilipa ndani ya mwaka. Ukitaka kununua vya dukani utahitaji kadi. Ile ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye M-Pesa inatosha. Na kabla ya yote, Maktaba ya Mkoa ipo. Ada yake ni ndogo kuliko gharama ya jalada la Kindle.

Nilichomwambia fundi

Nilimwambia asinunue. Anasoma riwaya za Kiswahili, anazipitisha kwa wenzake watatu pale kijiweni, na mchana ana mwanga wa bure. Akiba yake inunue vitabu viwili kila mwezi, aandike jina lake ndani, na aendelee kuazimisha. Jibu hilohilo nampa mzazi mwenye watoto wadogo, na mwalimu wa fasihi.

Mtu wa safari za ziwani au za mabasi marefu, anayesoma Kiingereza, anayesoma peke yake na kwa wingi, anunue. Mwenye macho yaliyochoka anunue hata kama anasoma kitabu kimoja kwa mwaka. Mimi kwenye begi la Nansio siku hizi natia vyote: kifaa cha mama, na kitabu kimoja cha karatasi ninachokiacha kule kisiwani kiendelee na safari yake.

Ukipata cha mtumba, kuwa mwangalifu sana. Niliwahi kumsindikiza mtu akanunua kizuri, bei nzuri, tukafika nyumbani tukakuta bado kimesajiliwa kwa jina la mwenyewe wa kwanza, na aliyetuuzia hapatikani. Kwa hiyo ukiwa bado na pesa mkononi, fungua mipangilio. Ukiona jina la mtu mwingine, aliondoe mbele yako na wewe uingize akaunti yako palepale. Kisha toka naye nje juani, fungua kitabu chochote, geuza kurasa ishirini bila haraka. Ukiona mstari au doa linalobaki mahali pale pale kila ukurasa, mrudishie.